Kutazama nyota ukiwa Mombasa: macho matupu, simu au darubini, kipi kikufae?

Swali la kwanza huja kila Shaaban inapokaribia kwisha: nikitaka kuutafuta mwezi mwenyewe, ninunue nini? La pili huja wakati wowote, na kwangu ndilo zito zaidi. Mzazi ana mtoto madrasa, au ana mtoto shule ya Jumapili, na mtoto ameanza kuuliza habari za mbinguni. Afanyiwe nini ili aone kile ambacho dini yake inamtaka akitazame?

Maana tumeamrishwa kutazama. Sura Al-Mulk inamwambia mtu ainue jicho, kisha aliinue tena na tena, atafute kasoro katika uumbaji wa Mwenyezi Mungu, na jicho litamrudia limechoka, limeshindwa. Sura Aal Imran inawasifu wenye akili wanaomkumbuka Mola wao wakisimama, wakikaa na wakilala, huku wakifikiri kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Katika Zaburi ya 8 Daudi anauangalia mwezi na nyota, ndipo anapouliza mwanadamu ni kitu gani hata akumbukwe. Swali lile lilimjia akiwa ameinua uso.

Sasa mtoto wa Majengo au Mikindani akiinua uso saa tatu usiku ataona nini? Mwezi ukiwepo, sayari ya Zuhura au Mushtari ikiwa msimu wake, na nyota chache zilizozishinda taa. Siku stima inapopotea mtaa mzima ndipo watu hutoka varandani wakashangaa, kama kwamba nyota zimeletwa usiku ule. Zilikuwepo.

Hapa nalinganisha njia nne: macho matupu, simu, darubini ya macho mawili, na ile darubini kubwa ya kusimamishwa kwa miguu mitatu. Sizipimi kwa ukubwa wa picha. Nazipima kwa mambo mawili: njia ipi inamfanya mtu akae akitazama kwa muda mrefu, na chombo kipi kinaihimili hewa ya chumvi ya pwani. Na nasema mapema ninapoegemea: kama una pesa ya nauli tu, nenda gizani. Ukiwa na ziada, nunua darubini ya macho mawili. Hayo mengine yana watu wake.

Macho matupu

Watu huidharau njia hii kwa sababu haiuzwi. Mimi naiweka mbele, na sababu ya kwanza ni pale Mombasa ilipo. Tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Mtu wa London hajaiona wala hataiona Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu wa kusini kabisa mwa dunia hawezi kuliona kundi la Dubu Mkubwa. Sisi twaona vyote viwili. Mwaka ukizunguka, karibu kila nyota inayoonekana kutoka duniani hupita juu ya paa zetu. Ni neema ambayo wengi wetu tumeishi nayo bila kuitumia.

Ukitaka usiku mmoja wa kuanzia, chagua Februari, kaskazi ikiwa inavuma na anga ni kavu, katika siku ambazo mwezi haupo. Kufikia saa mbili usiku kundi la Jabari (Orion) liko juu karibu na utosi, na nyota zake tatu za mshipi ziko kwenye mstari mmoja. Kaskazini-magharibi yake utaona kifurushi kidogo cha nyota zilizosongamana: hiyo ni Kilimia. Upande wa pili, kusini-mashariki mwa Jabari, inawaka Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Endelea kusini utamkuta Suheli, wa pili kwa mwanga. Ukivumilia hadi saa sita usiku, Msalaba wa Kusini utakuwa umeshapanda kutoka upande wa bahari, umelala ubavu.

Kilimia inastahili kukaliwa. Wakulima wa pwani waliipima misimu kwayo, na msemo wao tunao hadi leo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwezi wa Mei huzama pamoja na jua, na mwezi wa Juni hujitokeza tena alfajiri upande wa mashariki. Katika Biblia ya Kiswahili, Ayubu 38 inaitaja kwa jina hilihili, pale Mungu anapomuuliza Ayubu kama anaweza kuufunga mnyororo wa Kilimia. Swali hilo halitaki jibu. Linamtaka Ayubu atoke nje akatazame. Na ukitoka nje leo kuitazama, mwanga unaoingia jichoni mwako umesafiri karibu miaka 440. Ulipoondoka kule, Wareno walikuwa hawajaanza kuijenga Fort Jesus, ambayo ilianzwa 1593.

Kwa mtoto, napendelea kuanza na Shira. Hii imetajwa kwa jina ndani ya Kurani, katika Sura An-Najm, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mola wa Shira pia, kwa sababu walikuwako watu walioiabudu. Mwanga wake huchukua miaka 8 na nusu hivi kutufikia. Mtoto wa miaka minane akiitazama, anaona mwanga ulioanza safari wakati mamake akiwa na mimba yake. Mwambie hivyo, kisha unyamaze. Usimwongezee lolote. Nimeona watoto wakihesabu vidole gizani wakihakikisha, kisha wakaanza kuuliza ni nyota gani ina mwanga wa umri wa baba, ipi ina wa umri wa bibi. Usiku mzima unatoka hapo, na hakuna chombo kilichofunguliwa.

La pili, na hili ni letu watu wa Mombasa hasa: kibla chetu. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kwenda kaskazini. Kibla cha hapa hakipotoki kutoka kaskazini kamili hata kwa nusu digrii. Nyota ya Kaskazini hatuioni, imejificha chini ya upeo wa macho. Lakini mwanzoni mwa Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mvua ya masika ikipisha, Dubu Mkubwa husimama kaskazini kichwa chini. Nyota zake saba kubwa zina umbo la upawa: tafuta zile mbili za ukingo wa bakuli la upawa huo, upande ulio mbali na mpini, uunganishe kwa jicho ya juu na ya chini, uvute mstari hadi ardhini. Pale mstari unapogusa upeo ndipo kaskazini, na ndipo kibla. Usiku huohuo ukigeuka nyuma, Msalaba wa Kusini umesimama wima. Sura Al-An'am inasema nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika giza la bara na bahari, na manahodha wa majahazi waliofuata pwani hii walipima urefu wa nyota kutoka upeo kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, mtu akiuuma mwisho wa uzi kwa meno. Aya ile kwao ilikuwa kazi ya kila usiku.

Hasara ya macho matupu ni moja: yanataka giza, na giza mjini limekuwa adimu.

Uende wapi?

Mama Ngina Waterfront inafaa kwa familia na ni salama kukiwa na watu, bahari iko wazi mbele yako, lakini tangu ipambwe upya ina taa nyingi. Utaona Jabari na Shira, basi. Nyali na Bamburi taa za mahoteli zinamulika mpaka kwenye maji. Shelly Beach, Likoni, ni afadhali kidogo, ingawa mwanga wa kisiwa na wa bandari uko mgongoni mwako. Tofauti ya kweli huanza ukipita Tiwi kuelekea kusini, na kule Msambweni na Shimoni Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota, inaonekana kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Upande wa kaskazini, fukwe za Kilifi zilizo mbali na mji zinatosha.

Bora kuliko zote ni bara. Voi na kandokando ya Tsavo hewa ni kavu, hakuna ukungu wa chumvi, na giza lake ni giza. Treni ya SGR ya mchana ile inayosimama vituoni itakushusha Voi. Usiku wa huko mtu mwenye macho mazuri anaona nyota maelfu, na mara ya kwanza wengi hushindwa kuzitambua hata zile walizozizoea mjini, kwa vile zimezamishwa na wenzake. Kama ni kundi la vijana wa msikiti au wa kanisa, mimi ningetumia fedha za darubini kulipia safari hii kwanza. Nimeyasema haya kwa watu waliokuwa wamekusanya mchango tayari, na sirudi nyuma.

Kwa mwandamo wa mwezi hesabu inageuka kabisa. Ufukwe wetu unatazama mashariki, na hilali huonekana magharibi baada ya jua kuchwa. Watu huenda Nyali na shauku zao, wakaipa bahari uso na mwezi ukawaangukia nyuma ya nyumba na minazi. Kwa hilali panda darini kwenye jengo refu, au tafuta mahali ambapo magharibi yako ni wazi, kama kingo za Tudor Creek zinazotazama bara. Urefu wa mahali ndio unaosaidia.

Popote uendapo, nenda na watu wanaopajua, na uyape macho dakika 20 hadi 30 bila taa yoyote nyeupe. Tochi ifunge kwa nailoni nyekundu. Taa ya simu ikikupiga mara moja, unaanza kuhesabu upya.

Simu

Programu kama Stellarium zinakuambia kila nyota jina lake, umbali wake na saa itakayochomoza. Unaielekeza simu juu, nayo inakuonyesha ramani ya pale ulipoelekeza. Kwa kupanga usiku hakuna kinachoishinda: utajua mwezi unachomoza saa ngapi na sayari gani ziko juu wiki hii. Nyingi zina hali ya mwanga mwekundu, iwashe.

Lakini nimeona mara nyingi jinsi inavyokuwa. Watu sita wako ufukweni, na wote sita nyuso zao zina mwanga wa buluu. Wanasoma jina la nyota kwenye kioo huku nyota yenyewe iko juu ya kichwa. Kwa hivyo ushauri wangu ni kwamba simu moja itoshe kundi zima, ishikwe na mtu mmoja, itumike kuhakikisha na irudi mfukoni. Dira yake pia usiiamini ukiwa karibu na gari au nguzo za chuma. Ukiitafuta kibla, ile mistari ya nyota niliyoieleza haivurugwi na bati.

Darubini ya macho mawili

Hii ndiyo chaguo langu kwa mtu wa Mombasa mwenye fedha za kununua kitu kimoja.

Juu ya kila moja pameandikwa namba mbili, kwa mfano 7x50 au 10x50. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa nyota unataka lenzi pana, inakusanya mwanga mwingi. Ya 7x50 ni tulivu mkononi na inamfaa mtoto na mzee. Ya 10x50 inaonyesha zaidi lakini mkono ukitetemeka nayo inatetemeka. Zile zinazojisifu kukuza mara 30 au zaidi na zina lenzi ndogo, ziache dukani. Ukinunua ya mtumba, itazame kwa nyuma dhidi ya mwanga: ukiona utando kama mizizi myembamba ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na haitoki kwa kupangusa.

Inakupa nini? Ielekeze Kilimia. Kwa macho ulihesabu sita, labda saba. Sasa zimejaa kioo chote, makumi, za buluu na nyeupe, na nafasi kati yake ambayo ulidhani ni tupu ina nyota nyingine ndogo. Ishushe kwenye upanga wa Jabari, chini ya mshipi: ile nyota ya katikati inayoonekana kama imefifia ni wingu, na ndani ya wingu lile nyota mpya zinazaliwa, mbali kiasi kwamba mwanga wake huchukua miaka 1,300 na ushei kutufikia. Mwezi wa Mei, juu ya Msalaba wa Kusini kuelekea mashariki, kuna doa la mviringo lenye ukungu liitwalo Omega Centauri. Doa lile ni nyota milioni 10 hivi pamoja. Usiku wa giza nzuri Desemba na Januari, upande wa kusini utaona mabaka mawili ya mwanga ambayo mtu huyadhania mawingu ya kawaida. Ni galaksi mbili ndogo, yaani mikusanyiko mikubwa mno ya nyota, jirani za galaksi yetu.

Mushtari ndiyo inayonigusa kuliko zote. Egemeza viwiko ukutani, au ulale chali mkekani, ushushe pumzi. Pembeni mwa sayari utaona chembe za mwanga mbili, tatu, hata nne, zimejipanga kwa mstari. Ni miezi yake minne mikubwa, ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Kesho yake rudi. Zimehama. Moja iliyokuwa kulia iko kushoto, nyingine haipo, imepita nyuma ya sayari. Mtu akishaona hivyo kwa siku mfululizo, aya ya Sura Yasin isemayo kila kimoja kinaogelea katika njia yake huisoma kwa sauti nyingine. Nimemsikia mzee mmoja wa Kibokoni, baada ya kutazama kwa muda, akisema taratibu, "Subhanallah, vinakwenda kweli," kisha akamwambia mjukuu wake, "Njoo, babu, njoo utazame kabla havijatuacha." Hakuna mhadhara unaofanya hivyo.

Kwa hilali pia hii ndiyo inayosaidia zaidi, kwa sababu inaona eneo pana la anga. Jua likishachwa kabisa, na nasema kabisa, unapekua polepole juu ya upeo. Ukiupata, unauweka alama kwa kitu cha mbali kisha unautafuta kwa macho. Kabla jua halijazama, usiinue chombo chochote upande huo. Jua kupitia lenzi hupofusha papo hapo.

Darubini ya miguu mitatu

Pete za Zohali. Kama kuna sababu moja ya kununua chombo hiki, ni hiyo. Darubini ya macho mawili ya kawaida haitakuonyesha. Unahitaji kukuza mara 30 na zaidi, na ukifika mara 50 pete zimejitenga na sayari, wazi, na kila mtu anayeweka jicho kwa mara ya kwanza huliondoa aone kama kuna picha imebandikwa mbele. Mwaka 2025 pete zilikuwa zimetugeuzia ukingo, nyembamba mno. Sasa zinafunguka tena mwaka baada ya mwaka. Mwezi nao, pale mwanga unapokutana na kivuli, una milima na mashimo yenye vivuli virefu, na unaweza kukaa hapo hadi shingo iume.

Lakini sharti lake ni kubwa. Kwanza, usinunue kwa tangazo la kukuza. Boksi likisema mara 525 kwa darubini ya milimita 70, hilo halitumiki; kiwango cha juu cha maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya upana wa lenzi, yaani 140 kwa hiyo ya 70, na hata hapo anga lazima litulie. Pili, tazama miguu. Miguu myepesi ya alumini kwenye upepo wa kusi ni kazi bure, Zohali itakuwa inacheza na hutaikamata. Anayetaka kununua vizuri atafute ile ya kioo cha milimita 130 au 150 inayokaa juu ya sanduku la mbao chini, badala ya miguu mitatu mirefu. Tatu, hewa yetu. Chumvi inakula skrubu, unyevu unaleta kuvu kwenye vioo. Hiki chombo kisiachwe kibarazani wala kabatini bila kinga. Vioo vya jicho viweke ndani ya boksi la plastiki linalofungika vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ya macho mawili itunze vivyo hivyo, ila yenyewe inaingia kwenye mkebe mmoja, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipenda.

Kwa hivyo hii naiona ni ya kundi: shule, madrasa, parokia, watu wa mtaa waliochanga na wamemteua mtu mmoja wa kuitunza. Kwa nyumba moja, mara nyingi huishia kuwa pambo la sebule, na mtoto aliyeahidiwa Zohali anapata mlingoti wenye vumbi.

Hesabu au jicho, katika mwandamo

Mjadala huu hapa Mombasa kila mtu anaujua, na kuna nyumba ambazo ndugu hufunga siku tofauti: mmoja anangojea mwezi uonekane hapa kwetu, mwingine anafuata ukionekana popote, wa tatu anasema hesabu inatosha. Kutoa fatwa si kazi yangu. Tangazo ni la Kadhi Mkuu, na masheikh wapo. Ninachoweza kulinganisha ni uwezo wa njia hizo.

Hesabu inajua kwa usahihi wa sekunde wakati mwezi na jua vinapokutana, na mwezi mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29.53. Inajua pia kwamba mwezi ukiwa haujaachana na jua kwa digrii 7 hivi, hapana hilali ya kuonekana, hata ukiwa na chombo. Kwa hivyo inaweza kukuambia jioni gani ni kazi bure kupanda darini. Isichokijua ni wingu la leo juu ya Mazeras. Jicho linajua wingu la leo, lakini nalo hukosea: ndege ya mbali, uzi wa wingu uliopigwa na machweo, au hamu tu. Mimi hutumia hesabu kujua nitazame wapi na saa ngapi, kisha natazama. Hayo mawili hayajawahi kugombana mbele yangu; waliogombana ni watu.

Nyota na ramli

Anayechagua namna ya kuzikaribia nyota atakutana na njia ya tano pia, na hii naikataa waziwazi. Ni ile ya kuuliza nyota yako ni ipi, imeingiwa na nini, utaoa lini, nani amekufunga. Pwani yetu biashara hii ina wateja, na sasa imehamia kwenye simu. Nyota ya Shira haina habari na posa ya mtu. Mtume, siku mwanawe Ibrahim alipofariki na jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Akawarekebisha hapohapo, akiwa na majonzi yake: jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Kisha watu wakasali. Baba aliyefiwa hakukubali anga litumiwe kumtukuza yeye wala mwanawe. Sijui mfano mkubwa kuliko huo wa imani na ukweli wa mbinguni kuwa pamoja.

Upande wa Wakristo nao wana mtu wa kufanana naye katika jambo hili. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji ndiye aliyeandika 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kilichosongamana. Papa Pius XII alipoelekea kuifanya nadharia hiyo kuwa ushahidi wa uumbaji, Lemaître mwenyewe, akiwa padri, hakupendezwa. Aliona kwamba imani isitundikwe kwenye nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa. Nakubaliana naye kwa moyo wote, na ndiyo maana sipendi kuona darubini ikiletwa msikitini au kanisani kama mwanasheria wa kumtetea Mungu. Iletwe watu watazame.

Na siri bado ipo tele. Kaskazini mwa Malindi, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, ndipo ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za mbinguni tu, na ilisaidia kutambua kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho wataalamu wamekubali kuwa ni shimo jeusi: kitu kizito mno kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Watu wa pwani yetu wanavua samaki mbele ya jukwaa lile. Watoto wetu wangepaswa kulijua jina hilo kabla ya kufika darasa la sita.

Basi uchague nini?

Uko peke yako na huna fedha: nauli ya matatu, mkeka, na usiku wa Februari usio na mwezi, kusini ya Tiwi. Una familia na akiba kidogo: 7x50 kama kuna watoto au wazee, 10x50 kama nyote ni watu wazima. Unatafuta hilali: hiyohiyo, darini, magharibi wazi. Mko kundi lenye mtunzaji mwaminifu: fanyeni safari ya Voi kwanza, kisha mkirudi na hamu, nunueni kioo cha 130 au 150. Simu kila mmoja anayo; iwe moja tu usiku ule.

Na kuna tarehe moja ya kuandika sasa hivi, kwa sababu siku hiyo uchaguzi wote huu unabadilika. Jumatatu, 2 Agosti 2027, mchana, jua litapatwa kabisa kule Luxor na Makka. Huku kwetu litaliwa sehemu tu. Siku hiyo si macho matupu, si simu, si darubini ya aina yoyote isiyo na kichujio maalumu cha jua mbele ya lenzi. Nunueni mapema miwani ya kutazamia jua yenye alama ISO 12312-2, muikague kama haina mkwaruzo, muigawe misikitini na makanisani. Asiye nayo atoboe tundu dogo kwenye karatasi ngumu, alipe jua mgongo, atazame umbo la jua linaloanguka kwenye karatasi ya pili. Maimamu watangaze mapema saa ya sala ya kupatwa kwa jua, ili watu wapate kusali na kutazama pia.